Rumonge: Kigae cha kale hupoteza ushahidi wake kinapookotwa bila kuandikwa

Kati ya Septemba 2023 na Aprili 2024, mvua zilizochochewa na hali ya El Niño ziliwaathiri zaidi ya watu 200,000 nchini Burundi, na serikali ikatoa ombi la msaada wa kimataifa kwa pamoja na Umoja wa Mataifa. Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika makazi ya Gatumba, Bujumbura na Rumonge. Nyumba zilizobomoka na mashamba yaliyozama yaliorodheshwa. Kilichobaki nje ya orodha ni udongo wenyewe, pamoja na vitu ambavyo udongo huo ulikuwa umevihifadhi kwa karne nyingi.

Katika eneo zima la Maziwa Makuu, vigae vya vyungu vya kale na vipande vya mawe yaliyochongwa hujitokeza pale ardhi inapofunguliwa: kwenye kingo zilizoliwa na maji, katika mashamba yaliyolimwa, kwenye machimbo ya udongo wa matofali na mifereji ya kuzuia mmomonyoko. Kwenye mwambao wa Burundi, ambako michikichi, mihogo na nyumba hugombania ukanda mwembamba ulio kati ya milima na ziwa, ardhi hufunguliwa kila siku. Kigae kinachojitokeza huweza kutupwa pembeni, kuchezewa na watoto au kuchukuliwa na mpita njia anayependa vitu vya kale. Yote hayo yana matokeo yaleyale: kitu kinabaki, lakini habari zake zinapotea.

Mwambao huu uko katikati ya ramani muhimu ya historia ya mwanadamu. Kusini mwa ziwa, mpakani mwa Zambia na Tanzania, yapo maporomoko ya Kalambo, ambako mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kazi katika miaka ya 1950. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa magogo yaliyochongwa na kuunganishwa yaliyopatikana hapo yana umri wa takriban miaka 476,000. Upande wa mashariki, katika chemchemi za chumvi za Uvinza mkoani Kigoma, uchimbaji wa mwaka 1967 ulionyesha kuwa watu walikuwa wakichemsha maji ya chumvi huko tangu karibu karne ya tano. Kaskazini, kuanzia Kivu hadi pwani ya Ziwa Victoria, vimepatikana vyungu vya Urewe, ambavyo baadhi yake vina kishimo kidogo kwenye kitako.

Burundi nayo imo katika ramani hiyo. Jean Hiernaux na Emma Maquet walichapisha matokeo yao kuhusu enzi ya chuma ya Ruanda-Urundi na Kivu mwaka 1957 na 1960, na mwaka 1967 Jacques Nenquin akatoa kitabu kikubwa kuhusu tamaduni za kale za Rwanda na Burundi, kilichochapishwa na makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji.

Neno lisilotosha

Wakusanyaji wengi hupenda kuviita vitu hivi vya enzi mpya ya mawe. Barani Ulaya jina hilo lina maana iliyonyooka: kilimo, ufugaji, vyungu na mashoka ya mawe yaliyosuguliwa huhesabiwa kuwa sehemu ya mageuzi mamoja. Afrika Mashariki mambo hayakwenda hivyo. Vyungu vya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa kilichoko katika Mto Kagera, vilitengenezwa na wawindaji na wavuvi waliokuwa bado wanatumia zana za mawe. Huko Luxmanda, kaskazini mwa Tanzania, wafugaji walioishi takriban miaka 3,000 iliyopita walikuwa na ng'ombe na vyungu huku visu vyao vikiwa bado vya mawe. Vyungu vya Urewe, kwa upande wake, huandamana na wakulima na wafua chuma.

Maana yake ni kwamba kigae kilichowekwa juu ya meza hakiwezi peke yake kueleza kiliachwa na nani. Kama kilikuwa pamoja na mifupa ya samaki na vipande vya mawe, kina habari moja. Kama kilikuwa kando ya tanuri ya chuma, kina habari nyingine kabisa. Jirani zake ardhini ndio wanaokitolea ushahidi, na mkono unaokiokota bila kuandika chochote huwaacha jirani hao nyuma.

Mfano ulio wazi umo ndani ya Burundi yenyewe. Watafiti Marie-Claude Van Grunderbeek, Émile Roche na Hugues Doutrelepont walichunguza matanuri ya kuyeyushia chuma nchini Rwanda na Burundi, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1983. Baadhi ya mkaa uliotoka katika maeneo ya Burundi, yakiwemo Rwiyange na Mirama, ulipopimwa ulitoa umri unaokaribia au kuzidi miaka 3,000. Kama vipimo hivyo ni sahihi, eneo hili lingekuwa miongoni mwa vitovu vya mapema zaidi vya ufuaji chuma barani. Wataalamu wengine wana shaka, wakisema kuni za miti mikongwe zinaweza kutoa umri mkubwa kuliko ule wa moto wenyewe. Mjadala haujafungwa, lakini umewezekana kwa sababu moja tu: mkaa ulichukuliwa pamoja na maelezo ya mahali ulipolala. Kigae kilichonunuliwa barabarani hakiwezi kuzua hata ubishi.

Si kila mwokotaji ni mharibifu

Ingekuwa kosa kuwaona wote wanaookota kuwa maadui wa historia. Jina la Urewe lenyewe lilitokana na kazi ya mtu ambaye hakuwa mwanaakiolojia. Walter Edwin Owen, kasisi wa Kianglikana aliyefanya kazi magharibi mwa Kenya hadi miaka ya 1940, alikusanya vigae katika eneo ambalo leo ni Siaya, akazingatia vilikotoka na kuwashirikisha Louis na Mary Leakey. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948, miaka mitatu baada ya kifo chake. Tofauti kati yake na mpita njia wa kawaida haikuwa shahada, bali kumbukumbu za mahali.

Kwenye Ziwa Tanganyika kumbukumbu hizo zina uzito zaidi, kwa kuwa ufukwe hauna mahali pa kudumu. Livingstone na Stanley walipofika Mugere, kusini mwa Bujumbura ya leo, mwezi Novemba 1871, maji yalikuwa juu kuliko sasa. Mwishoni mwa muongo huo Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibuka na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Ardhi tambarare iliyo karibu kabisa na maji leo ilikuwa ndani ya ziwa miaka 150 iliyopita. Mtu anayejua kigae kilitoka umbali gani na kimo gani juu ya maji anashika pia habari za ziwa lenyewe, ambazo wapangaji wa miji wanazihitaji sasa kuliko wakati wowote.

Sheria mbili na hofu moja

Burundi haikukaa bila sheria. Sheria ya Mei 25, 1983 inalinda urithi wa kitamaduni wa taifa, na nchi ina Makumbusho ya Taifa mjini Gitega tangu 1955. Kanuni ya Maji ya mwaka 2012 nayo inatenga mita 150 kutoka ukingo wa Ziwa Tanganyika kuwa eneo lisilojengwa. Sheria ya kwanza imetazama vitu vya kale, ya pili imetazama mazingira, ilhali ukanda unaohusika unaweza kuwa uleule. Ukaguzi mmoja wa mita hizo 150 ungeweza kutumikia zote mbili.

Hata hivyo, sheria huishia pale ambapo mwananchi anaogopa kusema. Rumonge ni miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa zaidi na migogoro ya ardhi. Waliokimbia mauaji ya 1972 waliporejea baada ya miongo kadhaa, wengi walikuta viwanja na michikichi yao mikononi mwa wengine, na kesi zao zimezishughulisha tume na mahakama kwa miaka mingi. Katika mazingira kama hayo, mkulima anayetangaza kwamba shamba lake lina mabaki ya kale ana sababu ya kujiuliza kama kesho litaendelea kuwa shamba lake. Bila hakikisho kwamba kuripoti si kunyang'anywa, jembe litaendelea kunyamaza.

Hakikisho hilo halihitaji fedha nyingi. Kiongozi wa kilima, ngazi ya chini kabisa ya utawala, anaweza kupewa daftari la kuandika kitu, tarehe na mahali, pamoja na picha ya simu, huku kitu chenyewe kikiachwa palipo hadi mtaalamu afike. Miradi mikubwa, kama barabara ya Rumonge hadi Gitaza inayofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, inaweza kubanwa na utaratibu huohuo kabla ya mashine kuingia.

Jambo hili linagusa pia mazungumzo na Ubelgiji. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2022 imefungua njia ya kurejesha mali zilizochukuliwa wakati wa ukoloni, kupitia makubaliano baina ya mataifa. Burundi ina haki ya kudai kilicho chake. Lakini makabati ya Tervuren yana faida moja ambayo Gitega haipaswi kuikosa: lebo zinazoeleza kitu kilitoka wapi. Kwa vigae vilivyobaki chini ya michikichi ya Rumonge, lebo hizo bado zinaweza kuandikwa, mradi daftari liwahi kufika kabla ya msimu ujao wa mvua.