MINARA 758, NANI ANAKUNYWA DIZELI?

Ndugu msomaji, umewahi kusimama Mtaa wa Msimbazi na simu sikioni, unamtafuta mzazi wako kijijini, ukajibiwa na yule dada wa kwenye mashine kwamba hapatikani? Mimi yamenikuta siku tisa mfululizo. Mama yangu mdogo yuko ndani ndani huko wilayani Liwale, anaumwa. Pesa ya dawa nimemtumia, lakini wakala wa kijijini hawezi kumtolea kwa sababu mtandao hakuna. Habari hiyo nimeletewa na utingo wa basi, kama enzi za barua za mkononi! Mnara upo, watoto wanauona kila wakienda kuteka maji. Umezima kwa sababu genereta haina dizeli na barabara imekatwa na mvua.

Sasa rudi nyuma kidogo. Mei 2023, Dodoma, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Gharama ilitajwa kuwa shilingi bilioni 265, na katika hizo ruzuku ya serikali ni bilioni 126. Msimamizi ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na unaochangiwa na kampuni za simu. Kampuni hazilimi mahindi, msomaji. Kinachotoka kwao kimetoka kwenye vocha yako wewe kabwela.

Walipiga makofi wakahesabu minara. Saa ambazo mnara unawaka, je, nani alizihesabu?

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa sola hapa hapa Kariakoo, Mtaa wa Narung'ombe. Akachana kipande cha boksi, akachukua kalamu. "Mdogo wangu," akaniambia, "mnara mdogo wa kijijini unakula wati 1,000 hivi. Kwa saa 24 ni yuniti 24, kama za Luku." Jua letu lina saa kama tano za nguvu kamili kwa siku. Ukitoa kinachopotea kwa joto, vumbi na waya, unahitaji paneli za wati 7,000, yaani paneli 13 za wati 550. Betri ziweze kuubeba mnara siku mbili za mawingu, yuniti 48. Na kwa kuwa betri haikamuliwi mpaka tone la mwisho, weka za yuniti 60. Ziwe za lithiamu, maana zile za risasi zikipigwa na joto la kwetu zinakufa upesi. Basi. Hesabu imeisha kwenye boksi la sabuni.

Akageuza boksi, akaandika ya genereta. Genereta ya kVA 15 kuendesha wati 1,000 ni sawa na kukodi Fuso kubeba fungu moja la nyanya. Hata ikiwa haina kazi inakunywa lita moja na nusu kwa saa. Ni lita 36 kwa siku. Kwa bei ya mwaka 2022, dizeli ilipovuka shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya laki moja kila siku ya Mungu, milioni 39 kwa mwaka, mnara mmoja! Hapo hujahesabu gari la kupeleka mafuta, wala yale yanayochotwa njiani usiku.

Nani anaipenda genereta, basi? Kampuni zinashindania ruzuku kwa zabuni, na anayetaka kuonekana rahisi hubana kile ambacho mgeni rasmi hakioni: betri. Paneli sita zinatosha kupigwa picha. Dizeli nayo ina wanaoishi juu yake, kuanzia mwenye tenda hadi mwenye dumu. Jua halina teni pasenti.

Nchi hii imeshaumwa na nyoka huyu. Mwaka 1995 ulisainiwa mkataba wa IPTL, mtambo wa megawati 100 kule Tegeta, TANESCO ikalipa hata injini zilipolala. Ukatuachia kashfa ya Escrow iliyotikisa Bunge mwaka 2014.

Wakubwa watasema bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 na nguzo zimefika vijijini. Sawa. Mnara unajengwa kilimani, msomaji, nguzo iko bondeni shuleni, na nguzo yenyewe ikianguka masika ni wiki.

Tunataka mikataba ya minara hiyo 758 ibandikwe hadharani, kila mnara na wati za paneli zake, yuniti za betri zake, na saa ulizozima kila mwezi. Mnara uliozima, ruzuku irudishwe. Kipande cha boksi ninacho. Waziri akikitaka nitampelekea mwenyewe, kwa sababu leo, siku ya kumi, mama mdogo bado hapatikani.