Uuzaji si Kazi ya Walioanguka

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini methali hii, tuifundishayo darasani bila kuihoji, imechangia kuwafanya vijana wetu waidharau kazi ya uuzaji. Msomi apataye shahada kisha akaingia katika kazi hiyo huhesabiwa kuwa ameanguka.

Miaka kadhaa iliyopita, kijana niliyemfundisha Kiswahili chuoni alinijia ofisini. "Mwalimu, siku hizi nauza bima," aliniambia kana kwamba anaungama kosa. Hakuwa na mshahara ila kamisheni, na katika miezi mitatu alikuwa amepata wateja wawili, mmoja wao shangazi yake.

Alinisimulia kwamba alikuwa amekaririshwa hotuba ya kuvutia kwa Kiingereza. Akaitoa, huku akiitafsiri papo hapo, mbele ya mama mmoja muuza nazi katika soko la Kongowea, Mombasa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hiyo bima itanilipa lini, na lini itakataa kunilipa?" Kijana alikosa la kusema.

Nilimshauri ausome mkataba upya na kuueleza kwa Kiswahili katika nusu ukurasa: mteja atatoa kiasi gani, atalipwa nini, na ni mambo gani ambayo bima hiyo haiyalipii. Alirudi sokoni na karatasi yake, akaisoma yote, pamoja na sehemu ile ya mwisho ambayo mawakala wengi huipita mbio. Wapo waliokataa. Mama yule alikubali, na ndiye aliyemwitia majirani zake.

Kisa hiki kina funzo kwa kila atakaye kufanikiwa katika uuzaji. Aghalabu wakala wa bima ya maisha huendelea kupata kamisheni kwa miaka kadhaa, maadamu mteja anaendelea kulipa. Mteja aliyedanganywa huacha kulipa, na kamisheni hukatika papo hapo. Basi hata kwa hesabu ya fedha tu, uongo ni hasara.

Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachokinunua. Kifungu cha 7 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mikataba mingi ya bima ingali inaandikwa kwa Kiingereza kizito. Ni nani awezaye kuliziba pengo hilo kuliko kijana aliyeisomea lugha?

Sisemi kwamba kazi hii ni nyepesi. Kumtuma kijana mitaani bila hata nauli, kisha kumlaumu kwa kukosa wateja, ni dhuluma ambayo waajiri hawana budi kuikomesha.

Lakini nasi walimu tuna lawama yetu. Tunawakaririsha wanafunzi sifa za sajili ya biashara ili wapite mtihani, ilhali hatuwaambii kwamba sajili hiyo ni riziki ya watu. Tuwape mkataba halisi, wauelezee darasa kwa Kiswahili sanifu, bila kuficha lolote. Atakayeweza kufanya hivyo hatakuwa na haja ya kuinamisha kichwa mbele ya mwalimu wake.