Mwenye kuona ni ubongo, si macho

WAHENGA walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Bila ya kuwakosea adabu, tungewaongezea neno moja: mwenye macho huenda akatazama na asione.

Si uchawi wala mazingaombwe. Ndivyo tulivyoumbwa. Kazi ya macho na masikio ni kupokea mwanga na mawimbi ya sauti, kisha kupeleka habari ubongoni kupitia mishipa ya fahamu. Anayeamua kwamba hii ni nyanya na ule ni mlio wa basi ni ubongo. Na kwa kuwa habari zinazoufikia aghalabu huwa nusunusu, hulazimika kujazia zilizobaki kwa kubahatisha.

Mara nyingi ubongo hubahatisha sawasawa, ndiyo maana hatujikwai kila hatua. Ubaya ni kwamba haututangazii kuwa umebahatisha. Nasi tunaapa kwamba tumeona kwa macho yetu mawili. Maoni yangu ni kwamba imani hii kubwa tuliyo nayo kwa macho na masikio inatugharimu afya, na wakati mwingine inagharimu roho za watu.

Kiraka jichoni

Hebu msomaji ufanye jaribio hili. Kwenye karatasi nyeupe chora msalaba mdogo upande wa kushoto na nukta nyeusi upande wa kulia, viachane kama sentimita 8. Funika jicho la kushoto, ukodolee msalaba kwa jicho la kulia, kisha uilete karatasi polepole karibu na uso. Ikifika kama sentimita 30 hivi, nukta itatoweka.

Mahali mshipa mkuu wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho hapana seli za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte aligundua jambo hili katika karne ya 17. Kila mtu ana doa hilo katika kila jicho, lakini hakuna anayetembea akiona shimo mbele yake. Pale nukta ilipokuwa ubongo umetia kiraka cheupe kilichofanana na karatasi.

Ufundi huo wa kutia viraka ndio unaowaponza wagonjwa wa presha ya macho, maradhi ambayo madaktari huyaita glakoma. Katika aina iliyo ya kawaida zaidi hayaumi, na mara nyingi huanza kula uwezo wa kuona pembeni. Kwa kuwa ubongo huziba mapengo hayo, mgonjwa hudhani anaona vyema hadi maradhi yamekwenda mbali. Na kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kwa hivyo asiseme mtu kwamba hana haja ya kupimwa macho kwa sababu anaona. Aliyepita umri wa miaka 40, na hasa mwenye jamaa aliyepofuka kwa maradhi hayo, aende akapimwe.

Sauti nazo

Masikio nayo yana mambo yake. Ukitazama taarifa ya habari kwenye televisheni, sauti hutoka kwenye spika zilizo kando au nyuma ya runinga. Hata hivyo utaapa kwamba inatoka kinywani mwa mtangazaji, kwa kuwa ubongo umeona midomo ikicheza ukaamua sauti iko pale.

Mwaka 1976 wanasaikolojia Harry McGurk na John MacDonald wa Uingereza walionyesha jambo la ajabu zaidi. Waliwachezea watu filamu ya mtu ambaye midomo yake ilitamka "ga" huku sauti iliyowekwa ikiwa ni "ba". Wengi walisikia "da", sauti ambayo haikuwako kabisa. Walipofumba macho, "ba" ilirudi.

Kumbe twasikia kwa macho pia. Katika siku za korona, barakoa zilipofunika midomo kuanzia mwaka 2020, wazee wengi wenye masikio mazito walitaabika kufuata mazungumzo. Ukizungumza na nyanya au babu yako, usimpigie kelele kutoka jikoni. Keti mbele yake akuone midomo.

Tena ubongo huchagua la kusikia. Ndani ya matatu yenye muziki wa kupasua kichwa bado unaweza kumfuata jirani yako anavyosimulia, na ghafla ukashtuka mtu wa kiti cha nyuma akitaja jina lako. Mwingereza Colin Cherry alichunguza uteuzi huu mwaka 1953. Husaidiwa na kuwa na masikio mawili, kwani sauti ya kutoka kulia hulifikia sikio la kulia mapema kidogo kuliko la kushoto. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huipima ukajua gari linatokea wapi.

Sasa mtazame kijana anayevuka barabara masikio yote mawili yamezibwa na muziki. Ameunyima ubongo wake kipimo hicho.

Sokwe uwanjani

Jaribio linalopaswa kumtisha kila dereva ni la mwaka 1999. Wamarekani Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaomba watu watazame filamu na kuhesabu mara ambazo wachezaji wa timu moja walipasiana mpira. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona, ingawa macho yao yalikuwa papo hapo. Akili ilikuwa katika hesabu.

Dereva anayefika kwenye makutano akitafuta magari ni kama watazamaji wale. Bodaboda iko mbele yake, naye haioni. Baada ya ajali hujitetea kwamba alitazama, na yamkini anasema kweli. Simu huzidisha balaa. Hata ile isiyoshikwa kwa mkono huteka akili, na bila akili, macho ni vioo tu.

Zaidi ya watu 4,000 walikufa katika barabara za Kenya mwaka 2023, na wengi zaidi miongoni mwao walikuwa wakienda kwa miguu. Siwezi kudai kwamba wote walikufa kwa sababu hii. Pombe, mwendo wa kasi na barabara mbovu vina lawama kubwa. Lakini dereva anayejua kwamba macho yake humficha mambo atatazama mara mbili kabla ya kuingia barabarani. Abiria naye ana haki ya kumkemea dereva anayezungumza kwa simu. Nasi wa kwenda kwa miguu, usiku tuvae nguo zinazong'aa.

"Ndiye huyo!"

La mwisho ndilo linalonisumbua zaidi. Kelele za "mwizi!" zinapopigwa mtaani usiku, umati humvamia kijana kwa sababu mtu mmoja amenyoosha kidole na kusema "ndiye huyo, nimeona shati lake jekundu".

Seli za jicho zinazotambua rangi huhitaji mwanga wa kutosha. Gizani hulala, zikabaki zile zinazotofautisha weusi na weupe tu. Nyekundu hufifia mapema. Jioni shati jekundu huonekana kama jeusi. Ukiongeza hofu, mbio, na ubongo uliokwisha kuambiwa kuna mwizi, kiraka chochote chaweza kutiwa.

Mahakama zilitambua hatari hii zamani. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, katika rufaa ya Abdalla bin Wendo, ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja anayedai kumtambua mshukiwa katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa. Mahakama za Kenya hufuata onyo hilo hadi leo. Na Marekani, katika kesi ambazo uchunguzi wa DNA umewatoa gerezani watu wasio na hatia, zaidi ya nusu zilikuwa na shahidi aliyemtambua mtu siye.

Hakimu aliyesomea sheria husita, akauliza kulikuwa na taa gani, mbali kiasi gani, kwa muda gani. Umati wenye mawe na tairi hauulizi. Gereza lina mlango wa kutokea, lakini kijana aliyechomwa moto kwa ajili ya rangi ya shati hana rufaa.

Sisemi tuyakatae macho yetu. Pasipo hayo na ubongo unaoyatafsiri tungekuwa kipofu na kiziwi kwa pamoja. Nasema kila mara tujiulize: hili nimeliona, au nimelidhania? Na anayenyoosha kidole usiku aulizwe swali hilo kabla mtu hajainama kuokota jiwe.