Mwanamuziki mmoja, bendi kadhaa: nani anabaki akisubiri?

Katika muziki wa dansi, mpigaji akionekana kwenye jukwaa la bendi nyingine, mashabiki husema neno moja: kahama. Damon Albarn wa Uingereza, aliyezaliwa London mwaka 1968, ana bendi zaidi ya moja kwa zaidi ya miaka 20, na bado hajahama. Anawezaje, na wenzake wanaishije?

Albarn alijulikana kwanza kama mwimbaji wa Blur, bendi ya roki ya watu wanne. Mwaka 1998 yeye na mchoraji Jamie Hewlett walianzisha Gorillaz, bendi ambayo sura zake ni vikatuni. Mashabiki wanaona vikatuni vilevile, kwa hiyo wanamuziki na waimbaji waalikwa wanaweza kubadilika kila albamu bila bendi kuonekana imevunjika.

Hakuishia hapo. Mwaka 2007 alitoa albamu na Tony Allen, mpiga dramu wa zamani wa Fela Kuti wa Nigeria. Mwaka 2011 alikwenda Kinshasa na watayarishaji wengine, wakarekodi na wanamuziki wa Kongo, na mapato ya albamu hiyo yakaelekezwa kwa shirika la misaada la Oxfam.

Lakini mwimbaji akiwa safarini na kundi jingine, Blur haipandi jukwaani, na kiingilio cha mlangoni hakiingii. Wenzake walitafuta shughuli. Mpiga besi Alex James alinunua shamba katika jimbo la Oxfordshire, akawa mtengenezaji wa jibini. Mpiga dramu Dave Rowntree alisomea sheria, akawa wakili. Mpiga gitaa Graham Coxon, aliyetoka mwaka 2002, aliendelea kutoa albamu zake mwenyewe, kisha akarudi kwa maonyesho ya mwaka 2009.

Kuna kinga nyingine: maandishi. Nyimbo nyingi za Blur zina majina ya wote wanne kama watunzi. Mtunzi hulipwa mrabaha wimbo wake unapopigwa redioni, hata kama bendi imelala. Mwaka 2023 subira ilizaa matunda: Gorillaz walitoa albamu mwezi Februari, na mwezi Julai Blur wakatoa yao na kupiga usiku mbili katika uwanja wa Wembley.

Tusisahau kwamba Blur waliuza sana miaka ya 1990, ndiyo maana waliweza kusubiri. Bendi ya kijijini inayotegemea harusi za msimu wa mavuno haina akiba hiyo. Mwimbaji akiitwa mjini Jumamosi ileile, wengine wanne wanalala bila kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kumruhusu mwenzenu akapige kwingine, kubalianeni mambo matatu na kuyaandika: siku zipi ni za kundi lenu, nani atashika nafasi yake akikosekana, na majina ya nani yanaandikwa kwenye kila wimbo. Hilo la tatu lifanyike siku wimbo unapotungwa, kabla haujaanza kuleta pesa.