Taa za Pikapu za Zamani



Siku hizi pikapu kuukuu zatiwa glopu za LED katika taa zilizoundwa kwa glopu ya H4. Tajiri akiona mwanga mweupe hudhani gari limepona. Halijapona. Bakuli la taa lilipimwa kufuata uzi mdogo wa glopu ile. Nuru ikianzia mahali pengine husambaa ovyo, ikaingia machoni mwa watu. Watu gani? Mwenzetu wa mkokoteni apitaye Ndia Kuu alfajiri kwenda Marikiti: hana taa, hana breki, ukuta huku na ukuta huku. Akipofuka kidogo tu, ajitupe wapi?

Sisi twasema, mara nyingi glopu haina kosa. Umeme hupotea njiani, katika swichi iliyochakaa na waya zilizoliwa na chumvi ya bahari yetu. Fundi atie rilei, waya nene na fyuzi kutoka betri, akwangue kutu pale waya ufungwapo kwenye bodi. H4 ile ile ya wati 60 kwa 55 itawaka sawasawa. (Za wati 100 msizitie, zayeyusha soketi.) Bakuli likishika kutu, taa nzima ibadilishwe, nayo iwe ya nchi zipitazo kushoto. Ile ya Ulaya bara humulika anayekuja.

Gharama ni ya mwenye gari, si ya kukatwa katika mshahara. Dereva akiambiwa anunue mwenyewe, amwone mwakilishi wetu kabla ya kutoka usiku.