Mguu uliovimba hauponi kwa kidonge cha "seli shina"

Sauti inazunguka katika makundi ya WhatsApp: eti kuna vidonge vya seli shina vinavyoponya matende, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita mguu wa tembo. Bei inatajwa kwa dola.

Utafiti wenyewe si uongo. Mishipa ya limfu ndiyo inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Ikiharibiwa na vijidudu vya filaria vinavyoletwa na mbu, ama ikikatwa wakati wa upasuaji wa kansa ya titi, maji yanabaki, na mguu au mkono unavimba. Watafiti wanatoa seli shina katika mafuta au uboho wa mgonjwa na kuzidunga penye uvimbe. Seli hizo zinatoa protini, hasa ile iitwayo VEGF-C, inayochochea mishipa mipya kuota. Kwa panya wa maabara, matokeo yalikuwa mazuri.

Kwa watu, ni habari nyingine. Huko Odense, Denmark, madaktari walijaribu kwa wanawake 10 waliovimba mkono baada ya kansa. Walisema mkono umekuwa mwepesi, lakini ulipopimwa, ukubwa haukupungua kwa kiasi cha kutegemewa. Tena protini ileile inaweza kuifungulia kansa njia ya kusambaa, ndiyo maana wanaenda polepole. Na hizo ni seli hai, zinazodungwa hospitalini. Kidonge kinayeyuka tumboni sawa na ugali.

Kwa hiyo ninakasirika nikiona wenzangu waandishi wa habari wakitangaza kwamba dawa ya matende imepatikana. Kongo yetu ina filaria katika majimbo mengi. Dawa za kuzuia, ivamektini na albendazoli, zinagawiwa bure vijijini kulingana na eneo. Aliyekwisha kuvimba anahitaji sabuni na maji safi kila siku, kukausha vizuri kati ya vidole, kutibu vidonda mapema, kuinua mguu anapolala, na viatu. Busha nalo linapasuliwa. Si operesheni mpya.

Lakini nani anamfundisha mama wa kijijini hayo? Bendeji ya kubana mguu ataipata wapi? Kambini, hata maji ni ya kupanga mstari tangu asubuhi. Kelele zetu na pesa zetu zingeanzia hapo, huku watafiti wakiendelea na kazi yao.

Na anayekuuzia chupa sokoni, mwulize: seli hizo zimetoka kwa nani, na zinaishije ndani ya vidonge vilivyokaa juani siku nzima?