Uhuru wa Angani na Utamaduni Wetu

Kila inapozungumzwa habari ya utamaduni wa taifa, mkutanoni au darasani, orodha ni ile ile: ngoma, mavazi, mapishi, methali, michezo ya kuigiza na magofu ya kale. Sina ugomvi na mambo hayo. Nimekulia ndani yake. Ugomvi wangu ni na wale wanaoifunga orodha hapo, kama karani afungaye hesabu za mwaka, wakaandika chini yake kwamba yote yaliyobaki ni mali ya wengine. Kwa watu hao sayansi ni mgeni aliyekuja kwa meli, na elimu ya nyota ni mgeni wa mbali zaidi, asiyejua hata kubisha hodi kwa lugha yetu. Fikra hiyo ni ya uongo, na ushahidi wa kuivunja umo katika pwani yetu wenyewe.

Mwaka mmoja niliwauliza wanafunzi wa kidato cha tatu wanitajie vitu vilivyopewa jina la Uhuru. Walitaja bustani, barabara, shule, mnara, hata duka moja la vitambaa. Hakuna aliyetaja setilaiti. Sikuwalaumu, kwani mwalimu mwenzangu wa fizikia, aliyekuwa amesimama mlangoni akingojea kipindi chake, naye hakuitaja.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya aina ya Scout ilifyatuliwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitalia walikuwa wamelisimamisha kwa miguu ya chuma baharini, katika Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Wamarekani yenye uzito wa kilo zipatazo 140, iliyokuwa na kazi moja tu: kuitafuta miali ya eksirei itokayo mbinguni. Bibi Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo katika shirika la NASA, aliichagulia jina la Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ile na kwa kuwashukuru wananchi wa Kenya waliowapokea. Tangu siku hiyo neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote, na hulitamka hata mtu asiyejua neno jingine lolote la lugha yetu.

Wageni wale hawakuja Malindi kwa ajili ya madafu. Walikuja kwa sababu ya ikweta. Karibu na mstari huo ardhi huzunguka kwa kasi ya kilomita zipatazo 1,670 kwa saa, na roketi irushwayo kuelekea mashariki huongezewa mwendo huo bila gharama, kama jahazi liongezewavyo mwendo na upepo wa kusi. Tena, setilaiti izungukayo juu ya ikweta huliepuka kwa kiasi kikubwa eneo la Atlantiki ya Kusini lenye chembe nyingi za umeme zivurugazo vyombo vya kupokelea eksirei. Basi mahali petu palikuwa sehemu ya chombo chenyewe.

Eksirei twaijua hospitalini: ndiyo miali ipenyayo nyama ikaonyesha mfupa. Lakini miali ya namna hiyo itokayo mbinguni haifiki ardhini, kwa kuwa hewa huizuia yote. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, na katika dakika chache ilizokuwa juu ya hewa iligundua nyota ing'aayo kwa eksirei katika kundi la Nge. Lakini dakika chache ni kama kuchungulia ufa wa mlango. Uhuru ilikaa huko juu na kufanya kazi hadi Machi 1973, ikijizungusha polepole na kuipitia mbingu nzima, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya eksirei.

Kimoja kati ya hivyo chaitwa Centaurus X-3. Uhuru ilipokielekea ilikuta mwanga wake unapiga kwa mpigo, pigo moja kila sekunde 4.8, bila kukosea. Halafu ikaonekana jambo la ajabu zaidi: kwa muda mapigo yalikaribiana kidogo, kisha yakaachana kidogo, kisha yakakaribiana tena, na kila baada ya siku mbili na saa mbili yalinyamaza kwa karibu nusu siku. Wapendao ngoma, sikilizeni hapa. Mfikirini mpiga ngoma asiyebadilisha mwendo wa mikono yake, ila yeye mwenyewe anakimbia kuuzunguka mbuyu mkubwa. Akija upande wenu mapigo yatawafikia yakiwa yamesongamana. Akienda mbali yatachelewa. Akiwa nyuma ya mbuyu hamtamsikia kabisa. Kwa hoja hiyo hiyo wataalamu walijua kwamba mbele yao pana jozi ya nyota: moja kubwa mno, ndiyo mbuyu, na nyingine ndogo mno izungukayo, ndiyo ngoma.

Hiyo ndogo ni nyota ya nyutroni. Nyota kubwa ikimaliza kuni zake hulipuka, na kiini chake hujikunja kwa uzito wake chenyewe mpaka maada yote iwe imeshindiliwa kama punje katika gunia lisilo na nafasi. Uzito wake huzidi wa jua letu, lakini upana wake hauzidi sana umbali wa kutoka Malindi hadi Watamu kwa gari. Kijiko kimoja cha maada yake kingekuwa na zaidi ya tani bilioni moja. Nyota hiyo huvuta gesi ya mwenzake; gesi hutumbukia kwa kasi kubwa, ikapata joto la mamilioni ya digrii, ikatoa eksirei. Nguvu itokayo katika kuanguka huko ni zaidi ya mara kumi ya ile ambayo gesi hiyo hiyo ingetoa kama ingeungua ndani ya jua.

Cha pili ni Cygnus X-1. Hiki hakikuwa na mpigo wa kawaida. Kilipepesuka ovyo katika sehemu ndogo ya sekunde, na kitu kibadilikacho upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Katika miaka ya 1971 na 1972 Louise Webster na Paul Murdin huko Uingereza, na Tom Bolton huko Kanada, walipima nyota ya samawati iliyo mahali hapo, wakaona kuwa huzunguka kila siku 5.6 pamoja na mwenzake asiyeonekana, na kwamba mwenzake huyo ni mzito mno kuweza kuwa nyota ya nyutroni. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2021 vyampa uzito wa majua yapatayo 21. Hilo ni shimo jeusi: mahali ambapo mvutano umeshinda kila kitu, hata nuru haitoki. Na wala si hilo peke yake. Oktoba 1974 setilaiti ya Waingereza iitwayo Ariel 5 ilirushwa kutoka jukwaa lile lile la Malindi, na Agosti 1975 ikaona A0620-00 ikiwaka ghafla. Mwaka 1986 ikapimwa, nayo ikaonekana kuwa ina mwenza mzito kupita kiasi kinachoruhusiwa nyota ya nyutroni.

Sasa nawageukia wapinzani wangu. Wa kwanza husema Kiswahili hakiwezi kubeba elimu hii. Msomaji ameyasoma mafungu yaliyotangulia. Na ahukumu mwenyewe. Watu hao husahau kwamba wasemao Kiingereza walipotafuta jina la shimo jeusi hawakwenda kuchimba neno jipya: walichukua neno la shimo na neno la weusi, maneno yajulikanayo na kila mtoto wao. Sisi tukifanya vivyo hivyo tunaambiwa lugha yetu ni maskini! Na pale tunapokopa, tukasema nyutroni na setilaiti, hatutendi jambo geni, kwani tulikopa meza, shati na baiskeli, na hakuna anayeona haya kuzitumia. Wazee wetu walikiita Kilimia kile kikundi cha nyota kwa sababu kilihusiana na kulima, wala hawakungoja ruhusa ya mtu.

Wa pili husema nyota hizo hazimlishi mwananchi. Ni kweli, na sitamdanganya mtu kwamba Cygnus X-1 itashusha bei ya unga. Lakini ushairi nao haumlishi mwananchi, wala nakshi za mlango wa Lamu hazimlishi, na bado twavihifadhi kwa gharama, kwa kuwa twajua kwamba watu huishi kwa akili pia. Mbona swali la faida aulizwe mtazama nyota peke yake?

Lakini wapinzani ninaowaogopa zaidi ni wale wanaokubaliana nami upesi. Hawa wakishasikia habari ya setilaiti hupiga vifua: sayansi ya mashimo meusi ni yetu, ilizaliwa kwetu! La hasha. Bahari ilikuwa yetu, siku ilikuwa yetu, jina lilikuwa letu. Macho yalikuwa ya wengine. Katika majina ya waliozitia sahihi ripoti za kwanza za Uhuru hakuna Mkenya hata mmoja. Tulikuwa kama bandari ipakiayo karafuu bila kujua zinauzwa kwa bei gani huko ziendako. Kujivunia jina bila kujifunza kazi ni kasumba ile ile, ila imevaa kanzu nyeupe.

Wala asiniambie mtu kwamba mtawaliwa hakuwa na njia. Mwaka 1930 kijana wa miaka 19 kutoka Madras, Subrahmanyan Chandrasekhar, alisafiri kwa meli kwenda kusoma Uingereza, naye ni raia wa nchi iliyotawaliwa. Alianza safari yake katika Bahari ya Hindi hii hii, na akiwa melini alipiga hesabu iliyoonyesha kwamba nyota iliyokufa ikizidi mara 1.4 hivi ya uzito wa jua haiwezi kujitegemeza kwa njia iliyodhaniwa, ni lazima iporomoke. Mwaka 1935 Arthur Eddington, bingwa mkubwa wa wakati huo, alimfanyia mzaha mbele ya wataalamu huko London. Hesabu ilikuwa sahihi. Bila hesabu hiyo hatungeelewa kwa nini kuna nyota za nyutroni, na mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Kijana yule alikuwa na karatasi na kalamu, na walimu waliomwamini.

Jukwaa la San Marco lilirusha setilaiti tisa, na ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Hata hivyo kituo cha Malindi hakikufa. Swift, iliyorushwa mwaka 2004, NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya mwaka 2021, zote ni setilaiti za eksirei, na zote zimeteremsha habari zao kwa kupitia antena za Malindi. Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba mpya mwaka 2016. Na Aprili 2023 setilaiti ya Kenya, Taifa-1, ilipaa. Ilipaa kutoka California.

Ninachodai si kikubwa. Habari ya Uhuru na iwekwe katika kitabu cha historia na katika kitabu cha fizikia, kwa Kiswahili, pamoja na vipimo vyenyewe. Hesabu ya mapigo ya Centaurus X-3 haihitaji maabara: yahitaji karatasi ya michoro na trigonometria ya kidato cha nne.

Nimeijaribu. Wiki ile ile niliyowauliza swali langu nilirudi darasani nikachora ubaoni mapigo yakikaribiana na kuachana, wakagundua wenyewe kwamba ngoma inazunguka kitu. Msichana mmoja wa nyuma aliuliza kama mapigo hayo yangali yanapigwa. Nilimjibu kuwa ndiyo, hata sasa hivi, na kwamba vipimo vyake hutolewa bure kwa yeyote avitakaye. Akauliza ni nani hapa kwetu anayevisoma. Nilimwambia kwamba sijapata kukutana naye.